Grafu ya Mradi Ichote Wapi Takwimu Zake?

Katika ofisi nyingi zinazosimamia miradi ya maendeleo hapa nchini, jambo la kwanza aonyeshwalo mgeni ni grafu. Imebandikwa ukutani au imefunguliwa katika kompyuta, na mstari wake huonyesha kazi iliyofanyika au kazi iliyobaki. Mgeni hutazama kama mstari unapanda au unashuka, huridhika au husikitika, kisha huaga. Ni nadra kumsikia akiuliza takwimu zilizouchora mstari ule zilitoka kwa nani, zilichukuliwa siku gani, na aliyezitoa alikuwa amesimama wapi alipozihesabu. Makala hii inahusu swali hilo lisiloulizwa. Nitalijadili kwa mfano wa miradi ya maji vijijini, hasa katika Wilaya ya Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kwa sababu huko swali hili si la nadharia. Mahali ambapo grafu imedanganya, watu huendelea kuchota maji mtoni na katika visima vifupi, na kipindupindu kimekwisha kuukumba mwambao huo mara kadhaa.

Kuchora maendeleo ya kazi si jambo geni. Mhandisi wa Kimarekani Henry Gantt, aliyefariki mwaka 1919, ameacha jina lake katika chati ya milia ambayo kila mkandarasi anaifahamu. Katika miaka ya karibuni imeenea mbinu nyingine, iliyozaliwa miongoni mwa watengenezaji wa programu za kompyuta. Mwaka 2001 wataalamu 17 walikutana katika jimbo la Utah, Marekani, wakatoa tamko fupi juu ya kuendesha kazi kwa vipindi vifupi badala ya kungojea mwisho wa mpango mrefu. Mbinu hiyo huitwa ajaili. Kazi hugawanywa vipande vidogo. Kila baada ya wiki moja au mbili vipande vilivyokamilika huhesabiwa. Na idadi ya vilivyobaki huchorwa kwenye grafu ambayo mhimili wake wa mlalo ni wiki na mhimili wa wima ni vipande. Mstari ukigusa sifuri, kazi imekwisha.

Grafu hiyo ni rahisi, hata mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kuichora, na hiyo ndiyo sababu imependwa. Lakini wengi walioiazima wameacha nyuma sehemu iliyo muhimu kuliko zote. Wataalamu wale walikubaliana kwamba kipimo kikuu cha maendeleo ni programu inayofanya kazi, wala si kurasa za mpango au saa zilizotumika. Kwa mradi wa maji kipimo hicho hakina tafsiri nyingine ila maji yanayotoka bombani.

Tuitazame Kyela yenyewe. Ni tambarare iliyo chini, kando ya ziwa ambalo uso wake uko karibu mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake iko milima ya Rungwe, na mashariki Milima ya Livingstone inasimama kama ukuta juu ya Matema. Mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huishusha ziwani. Mtu asiyeifahamu wilaya hiyo aweza kushangaa kusikia kwamba nchi yenye maji mengi hivyo ina tatizo la maji. Tatizo lake ni maji safi. Maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi. Mafuriko yajapo, uchafu wa vyoo na maji ya visima hukutana. Ndiyo maana hutegemewa mabomba ya mserereko yanayotoa maji milimani na kuyashusha hadi vijijini, pamoja na pampu za mkono.

Sasa tubuni mradi mmoja wa mserereko, kwa ajili ya hesabu tu. Una vituo 40 vya kuchotea maji na umepangiwa wiki 20, yaani vituo viwili kila wiki. Tuseme tumefika mwisho wa wiki ya 12. Kwa mujibu wa mpango, vituo 24 vilipaswa kuwa vimekamilika na 16 viwe vimebaki.

Mhasibu anafungua jalada lake. Hati za malipo zinaonyesha kwamba asilimia 75 ya fedha zimekwisha kulipwa. Tukigeuza asilimia hiyo kuwa vituo, 30 vimekwisha na 10 vimebaki: mradi uko mbele ya ratiba. Mkandarasi naye anasema amejenga vituo 24, kila kimoja na zege lake na koki yake; vimebaki 16, na ratiba inakwenda barabara. Kisha anakuja katibu wa kamati ya maji ya kijiji na daftari lake lililokunjika pembe. Yeye hakuhesabu fedha wala zege. Alipita kila kituo asubuhi, akafungua koki. Maji yalitoka katika vituo 15. Vimebaki 25.

Watu watatu, grafu tatu, na hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Hata hivyo grafu hizo zinatabiri mambo yasiyopatana. Kwa mwendo wa vituo 15 katika wiki 12, vituo 25 vilivyobaki vitahitaji wiki 20 zaidi, na mradi utakwisha wiki ya 32. Mkuu wa wilaya aliyeonyeshwa grafu ya mhasibu hatajua jambo hilo hadi ratiba itakapokuwa imekwisha kupita, wakati ambapo hakuna tena la kurekebisha.

Kwa nini basi ofisi zetu hupenda takwimu za malipo? Sababu ya kwanza ni kwamba ziko tayari. Sheria inataka ziwekwe, mkaguzi huzipitia, nazo ni sahihi hadi senti ya mwisho. Lakini usahihi huo ni wa swali jingine. Katika mradi wa mabomba fedha nyingi hutoka mwanzoni, wakati wa kununua mabomba na kujenga banio na tangi. Kazi ya kuunganisha na kujaribu mfumo huja mwishoni, haigharimu sana, na ndiyo yenye matatizo mengi. Kwa hiyo mstari wa fedha hukimbia mbele ya mstari wa maji karibu katika kila mradi wa namna hii. Mimi sioni kwa nini mtu aliyesoma hesabu akubali kuitumia asilimia ya malipo kama kipimo cha maendeleo ya kazi. Iwekwe katika grafu yake yenyewe, iitwe grafu ya malipo, basi.

Historia yetu inayo mafunzo ya kutosha juu ya tofauti kati ya kilichojengwa na kinachofanya kazi. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi katika umbali wa mita 400 ifikapo mwaka 1991. Miradi mingi ilijengwa. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilikiri kwamba lengo halikufikiwa, na kwamba sehemu kubwa ya miradi haikuwa ikifanya kazi ipasavyo. Sera hiyo iliweka pia kipimo ambacho bado kinaathiri grafu zetu, nacho ni kwamba kituo kimoja huhesabiwa kuwa kinahudumia watu 250. Ni kipimo kizuri kwa mhandisi anayepanga idadi ya vituo. Kikigeuzwa kuwa chanzo cha takwimu, huzaa watu wa karatasini. Vituo vyetu 40 vya kubuni, vikiisha kujengwa, huandikwa kuwa vinawahudumia watu 10,000, hata kama siku hiyo ni vituo 15 tu vyenye maji, yaani watu 3,750 kwa kipimo kile kile.

Baadaye Wizara ya Maji ilituma watu nchini kote kutembelea vituo kimoja kimoja na kuandika hali ya kila kituo pamoja na mahali kilipo. Sehemu ya takwimu hizo, rekodi 59,400, ilitolewa hadharani kupitia mtandao wa DrivenData ili wachambuzi wa dunia nzima washindane kutabiri vituo vibovu. Katika rekodi hizo vituo 32,259, yaani asilimia 54, vilikuwa vikifanya kazi. 4,317 vilifanya kazi lakini vilihitaji matengenezo. Na 22,824, zaidi ya asilimia 38, havikuwa vikifanya kazi kabisa. Bonde la Ziwa Nyasa peke yake lina rekodi 5,085. Hakuna hati ya malipo ambayo ingeweza kumwambia mtu habari hiyo, kwa kuwa vituo vyote hivyo, vizima na vibovu, viliwahi kujengwa na kulipiwa.

Hata hivyo nisieleweke kwamba takwimu za kutembelea vituo ni takatifu. Katika rekodi hizo hizo, zaidi ya 20,000 zina sifuri mahali pa mwaka wa ujenzi. Ni wazi kwamba hakuna kituo kilichojengwa mwaka sifuri. Aliyeandika hakujua, na fomu haikumpa nafasi ya kusema kwamba hajui. Mwanafunzi akichukua wastani wa safu hiyo bila kuichunguza atapata kwamba vituo vyetu vina umri wa mamia ya miaka, na kompyuta haitamkanya. Namsihi kila mwalimu wa hisabati asimamishe somo hapo kwa dakika kumi. Sifuri ni tarakimu iliyopimwa. Kutojua ni jambo jingine, na lazima liwe na alama yake.

Jambo hilo lina uzito wa pekee huko Kyela. Mvua kubwa huja Machi hadi Mei. Barabara za tambarare hujaa maji, na mtu wa kukusanya taarifa hawezi kupita. Nini kiandikwe katika grafu ya wiki hizo? Wapo wanaoandika tarakimu ya wiki iliyotangulia, na mstari huendelea umenyooka kana kwamba hakuna kilichotokea, ilhali huo ndio wakati ambapo banio huzibwa na mchanga na bomba hukatwa na mto. Wapo wanaoandika sifuri, na mradi huonekana umekufa. Lililo sahihi ni kuuacha mstari ukatike. Pengo katika grafu ni habari: lasema kwamba katika wiki hizo hatukuona. Nimepata kusikia ikisemwa kwamba pengo humwaibisha mchoraji mbele ya wakubwa. Mkubwa anayeudhiwa na pengo aelezwe mvua ya Kyela.

Wakati mwingine mstari hukatika pasipo mvua. Kwa sensa ya mwaka 2012 Mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu wapatao milioni 2.7, kwa sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu wapatao milioni 2.3. Je, watu wa Mbeya walipungua? La. Mwaka 2016 wilaya za magharibi ziligawanywa kuwa Mkoa wa Songwe. Grafu yoyote ya mkoa inayovuka mwaka huo, iwe ya vituo vya maji au ya watu wa kugawia, inaunganisha nchi mbili tofauti chini ya jina moja. Hali kadhalika, tangu mwaka 2019 shughuli za maji vijijini zimekuwa mikononi mwa wakala wa RUWASA badala ya halmashauri. Huenda vituo ni vile vile, lakini mkono unaovihesabu umebadilika. Anayechora hana budi kupiga mstari wa wima mahali hapo na kuandika sababu yake.

Narudi kwenye mradi wetu wa kubuni, kwa kuwa kuna tatizo moja ambalo grafu ya kazi iliyobaki hailimudu. Tuseme katika wiki ya 13 na ya 14 mafundi walifanya kazi vizuri, vituo vitatu vikapata maji. Lakini katika wiki hizo hizo iligunduliwa kwamba kitongoji kimoja kilisahauliwa, vikaongezwa vituo sita. Vilivyobaki vilikuwa 25. Toa vitatu, ongeza sita, ni 28. Mstari umepanda! Atakayeuona ukutani atadhani mafundi walilala. Dawa yake ni mistari miwili badala ya mmoja: mmoja wa jumla ya vituo vinavyotakiwa, ambao sasa umepanda kutoka 40 hadi 46, na mwingine wa vituo vyenye maji, ambao umepanda kutoka 15 hadi 18. Nafasi iliyo kati ya mistari hiyo ndiyo kazi iliyobaki, na kila mtu ataona ni nani aliyeisogeza. Mistari hiyo huchota katika vyanzo viwili, nayo yafaa isichanganywe. Jumla ya vituo hutoka katika mkataba na marekebisho yake. Vituo vyenye maji hutoka kwenye koki. Tena mstari huu wa pili uruhusiwe kushuka. Daftari ambalo halina safu ya kuandika kwamba kituo kilichokuwa na maji sasa hakina, litatoa mstari unaopanda daima, na mstari wa namna hiyo haufai kutazamwa.

Hapo msomaji makini atauliza: je, tumwamini katibu wa kijiji? Hawezi naye kuwa na sababu zake? Anaweza. Kijiji kinachongojea msaada chaweza kupunguza idadi ya vituo vizima, na kijiji kinachoogopa lawama chaweza kuiongeza. Mwanauchumi wa Kiingereza Charles Goodhart alieleza mwaka 1975 jinsi kipimo kinavyopoteza uaminifu wake mara kinapoanza kutumiwa kuwabana watu. Siku tutakapogawa fedha kwa daftari la katibu, daftari nalo litaanza kujipendekeza. Wala si kweli kwamba kila mwananchi yu tayari kutoa taarifa ilimradi ana simu. Shirika la Daraja, lililokuwa na makao Njombe, upande wa pili wa Milima ya Livingstone, liliwaomba wananchi watume ujumbe wa simu kila kituo kiharibikapo. Lilitazamia ujumbe 3,000. Lilipokea 53, na mwaka 2011 likatangaza waziwazi kwamba mpango ule umeshindwa. Ninaiheshimu sana taarifa hiyo. Katika mjadala uliofuata ilielezwa kwamba wachotaji wa maji ni wanawake na watoto, ilhali simu nyingi zilikuwa za wanaume. Na kwamba watu hawakuona sababu ya kuripoti jambo ambalo hawakutarajia lishughulikiwe.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF, zinazofuatilia kwa pamoja hali ya maji duniani, nazo zilipambana na swali hili. Hapo awali zilitegemea taarifa za watoa huduma. Katika ripoti ya mwaka 2000 zikageukia tafiti za kaya na sensa, ili aulizwe anayekunywa. Uamuzi huo naukubali, lakini hautufai kwa grafu ya wiki mbili. Utafiti wa kaya huja baada ya miaka kadhaa. Unaweza kuhukumu mradi, hauwezi kuuongoza.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mstari mkuu uchotwe katika daftari la koki, liandikwe na chombo cha watoa huduma ya maji cha kijiji chenyewe, kwa siku maalumu. Kisha mtu mwingine asiye na faida wala hasara katika jibu atembelee sehemu ndogo ya vituo, tuseme kimoja katika kila vitano, vikichaguliwa kwa bahati nasibu, na hesabu yake ichorwe kando bila kusahihisha ile ya kwanza. Penye dira ya maji tangini, isomwe siku ile ile. Dira haina ndugu kijijini. Tofauti kati ya vyanzo ikiwa ndogo, tuendelee. Ikikua, mhandisi apande gari aende akaone, kwani pengine koki zimefungwa kwa kukosa dizeli, au bomba linavuja njiani, au mtu hakwenda alikosema amekwenda. Nilipokuwa nikiandaa tasnifu yangu ng'ambo, msimamizi wangu alikuwa na desturi ya kurudisha bila kuisoma grafu yoyote isiyotaja chanzo chake. Ni desturi kali, nami naitumia kwa wanafunzi wangu hadi leo.

Mtu huyo asiye na faida wala hasara anaweza kuwa mwanafunzi wa sekondari. Shule nyingi za Kyela ziko katika umbali wa kutembea kutoka vituo kadhaa. Mwalimu aombe kwanza kibali cha serikali ya kijiji, kisha darasa la Kidato cha Tatu ligawane vituo, wanafunzi wawili kwa kila kimoja, na wavitembelee saa ile ile kila Jumamosi ya pili. Daftari liwe na safu sita: tarehe na saa; jina la kituo; je, maji yalitoka, ndiyo au hapana au hatukufika; sekunde za kujaza ndoo ya lita 20; idadi ya watu waliokuwa wakingojea; na jina la aliyeandika. Zoezi lifanywe Aprili, na lirudiwe Oktoba wakati vijito vya milimani vimepungua, kwa maana mradi wa mserereko unaweza kufaulu msimu mmoja na kushindwa msimu wa pili. Grafu zitakapochorwa, mwalimu asikate alama kwa mstari wenye mapengo. Azikate kwa grafu isiyosema, chini ya mhimili wake, ni nani aliyefungua koki na lini.